Kutengeneza mashine ya gemu za magari nyumbani: anza na kiti, kompyuta itafuata

KonaKali

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa yeyote anayetaka kujijengea mashine ya gemu za magari, ile ya kukaa ndani, yenye usukani, pedali na gia, kama zile za kwenye kumbi za gemu. Siongelei usukani wa kubana mezani. Naongelea mashine kamili, inayosimama chumbani, mtu akikaa anajua amekaa kwenye gari.

Kila nikiona mtu anaanza kazi hii, anaanza na skrini na kompyuta. Ananunua kioo kikubwa, anabishana kuhusu kadi ya picha, na mwisho kabisa ndipo anatafuta pa kukaa. Mimi nasema ageuze mpango wote. Kiti, pedali na usukani ndiyo mashine yenyewe, vingine vyote vinafungwa juu yake. Skrini utaibadilisha siku ukitaka, kompyuta pia, lakini umbali kati ya goti lako na breki ukishachomelewa vibaya, utaishi nao.

Sababu ni nguvu zinazopita humo. Mguu ukikanyaga breki, mgongo unasukuma kiti nyuma kwa nguvu ileile. Kiti kikiwa kipande chake na pedali kipande chake, vitaachana hata kama uliviweka vizuri asubuhi. Usukani nao, hasa wenye mota, unasokota nguzo inayoubeba. Nguzo ikicheza kidogo tu, mota inatikisa mbao badala ya mikono yako, na ile taarifa kwamba matairi ya nyuma yameanza kuteleza haikufikii. Kwa hiyo vitu hivi vitatu viwe kwenye fremu moja, bila mjadala. Mimi napenda paipu za mraba za chuma za milimita 40 kwa 40, zichomelewe au zifungwe kwa bolti. Asiye na fundi wa kuchomelea anaweza kutumia plaiwudi ya milimita 18, ila aiunge kama sanduku lenye kuta, si ubao mmoja uliolala.

Waliozitengeneza za kwanza walilijua hili. Atari ilipotoa Gran Trak 10 mwaka 1974, picha ilikuwa vidoti vyeupe kwenye kioo cheusi, lakini tayari usukani, gia na pedali vilikuwepo. Out Run ya Sega, 1986, kazi ya Yu Suzuki, toleo lake kubwa lilikuwa na kiti kinachoyumba kufuata usukani. Hard Drivin' ya Atari, 1989, ilikuja na ufunguo wa kuwashia, klachi, usukani unaorudisha nguvu na kiti cha kusogeza mbele na nyuma. Na Namco walifika mahali pa kuchukua gari halisi, Eunos Roadster ya Mazda, wakaliweka mbele ya skrini pana ili watu wacheze Ridge Racer wakiwa ndani yake. Picha za gemu hizo zimezeeka zote. Kukaa kwake hakujazeeka.

Vipimo vya kuanzia, kabla hujakata chochote. Kaa kwenye kiti utakachokitumia, panga maboksi badala ya pedali. Kanyaga "breki" hadi mwisho: goti libaki limekunjwa kidogo. Nyoosha mkono huku mabega yakigusa kiti: kifundo cha mkono kiguse sehemu ya juu ya usukani. Ukingo wa juu wa usukani ukae chini ya mstari wa macho, maana gemu nyingi huweka mita ya mwendo na namba ya gia chini ya skrini na usukani mkubwa huzifunika. Kaa hivyo nusu saa nzima ukiangalia kitu chochote. Mgongo ukilalamika sasa, utalalamika zaidi utakapokuwa unapigana na kona. Ukiridhika, andika vipimo, ndipo ushike msumeno.

Karibuni kwa maswali, na wenye uzoefu wa mbao na umeme msikae kimya.

Taa_ya_Nyuma

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi nina usukani wa kompyuta unaozunguka digrii 900. Nikiutumia kwenye gemu za zamani gari haligeuki, nazungusha mpaka mikono inapishana. Je, huu haufai kwa mashine ya aina hii? Ninunue mwingine?

KonaKali

Mkuu, usinunue. Usukani wako ni mzima, ni mipangilio tu. Mashine nyingi za kumbini kuanzia miaka ya themanini mwishoni zilitumia usukani unaozunguka takribani digrii 270 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, yaani 135 kila upande, na springi au mota ya kuurudisha katikati. Gemu inasubiri usukani ufike mwisho wake. Wewe una 900, kwa hiyo unatakiwa uzungushe zaidi ya mara tatu ili kupata kona ileile. Fungua programu ya usukani wako, punguza mzunguko hadi 270, jaribu tena. Utashangaa gemu ilivyobadilika.

Ila kuna kundi lingine ambalo watu hulichanganya na hili. Night Driver (1976), Pole Position (1982) na Super Sprint hazikuwa na mwisho kabisa. Usukani wake unazunguka bila kikomo, na ndani kuna kisahani chenye matundu kinachokatiza mwanga mbele ya kihisi. Gemu haiulizi usukani uko wapi, inauliza umezunguka kiasi gani na kwenda upande gani. Hizi ukizicheza kwa usukani wa digrii 270 unapata kitu kinachofanana, lakini ile raha ya kuusukuma usukani kwa kiganja uzunguke wenyewe haipo. Kwa hiyo kabla hujanunua usukani wowote, amua gemu zako ni za kundi gani. Mtu anayetaka yote mawili ajenge bamba la usukani linalofunguka kwa bolti nne, awe na mabamba mawili.

Fundi_Randa

Nimefurahi kuona mtu anaongelea fremu kwanza. Mimi ni wa mbao, acha nichangie upande wangu.

MDF, yaani mbao za nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, inapendwa kwa sababu uso wake ni laini na rangi inakaa vizuri. Lakini pigeni hesabu ya uzito. Bamba la mita 2.44 kwa 1.22 lenye unene wa milimita 18 lina ujazo wa karibu mita 0.054 za ujazo, na MDF ya kawaida ni kama kilo 700 hadi 750 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni karibu kilo 40 kwa bamba moja. Mashine ya kukaa inakula mabamba mawili au matatu. Juu yake weka kiti cha gari na chuma. Halafu mtu anataka kuihamisha chumba.

Plaiwudi nzuri ni nyepesi kuliko hiyo, inashika skrubu kwenye kingo bila kupasuka, na ikimwagikiwa maji haivimbi kama MDF. Ubaya wake kingo zinaonekana matabaka, inabidi uzifunike. Ushauri wangu: sehemu zinazobeba nguvu ziwe plaiwudi au chuma, MDF ibaki kwenye mbavu za nje zinazopakwa rangi na picha. Ukiikata MDF, fanyia nje na vaa barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri. Vumbi lake ni laini mno na gundi iliyomo ina kemikali ya formaldihaidi. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi.

Jambo la mwisho na kubwa: pima mlango. Si mlango wa karakana, mlango wa chumba mashine itakapokaa, na kona ya korido kabla ya kuufikia. Jenga vipande viwili, cha kiti na cha skrini, viungane kwa bolti nene chini. Nyingi za kumbini zilikuwa hivyo pia, ndiyo maana ziliweza kusafirishwa.

KonaKali

Mkuu Fundi_Randa umenena. Hapo kwenye vipande viwili niongeze kitu kimoja ili watu wasielewe vibaya. Mgawanyo upite kati ya usukani na skrini, usipite kati ya kiti na pedali. Yaani kipande cha nyuma kibebe kiti, pedali, gia na nguzo ya usukani, vyote kwa pamoja. Kipande cha mbele kibebe skrini, spika na kompyuta. Hivyo kipande cha nyuma kinachezeka hata peke yake mbele ya televisheni ya ukutani, wakati huku mbele bado kuna rangi mbichi.

Mama_Wawili

Habari zenu. Mimi nina swali la nyumbani. Mashine itatumiwa na mimi, baba watoto ambaye ni mrefu, na watoto wa miaka tisa na kumi na mbili. Kiti kikifungwa kwa vipimo vya mtu mmoja wengine watafanyaje? Na kiti cha gari kilichotumika ni salama?

KonaKali

Dada, swali lako ni zuri kuliko mengi. Chukua kiti cha gari pamoja na reli zake za chini, zile za kusogezea. Zifunge kwenye fremu jinsi zilivyo, utapata sentimita kama ishirini za kusogea bure kabisa, na klipu yake imeundwa ishike hata gari likifunga breki ghafla. Hiyo inatosha kwako na baba watoto. Kwa watoto ongeza ubao wa pedali wenye safu mbili au tatu za matundu, ili pedali zisogee karibu nao kwa bolti. Usukani wenyewe usiusogeze, kila kiungo kinachosogea ni mahali pengine pa kucheza.

Usalama: usichukue kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni. Huwa kuna kibandiko au maandishi ya "AIRBAG" kwenye ukingo wa nje wa mgongo wa kiti. Ndani yake kuna kilipuzi kidogo, na si kitu cha mtu asiye na mafunzo kukifungua au kukijaribu kwa betri. Vipo viti vingi visivyo nacho, tafuta hivyo. Kama usukani ni wa mota, punguza nguvu watoto wanapocheza na wafundishe wasiingize vidole gumba ndani ya mikono ya usukani.

Waya_Mwekundu

Wakuu naomba msaada kwenye umeme. Nimefunga potenshiometa (kihisi cha kuzungusha, kama kitufe cha sauti cha redio) kwenye pedali za chuma, nikaunganisha na Arduino Leonardo, ile bodi ndogo ya umeme unayoiandikia programu. Inasomeka kama usukani wa gemu, lakini kuna mambo mawili. Kwanza pedali ya mafuta inafika nusu tu kwenye skrini hata nikikanyaga hadi chini. Pili thamani inacheza-cheza yenyewe hata nikiwa sijagusa, gari linapata mafuta kidogo kidogo.

Sakiti_Fupi

Mkuu, kwanza umechagua bodi sahihi. Leonardo na ndugu zake wenye chipu ya ATmega32U4 wanaongea na kompyuta moja kwa moja kupitia USB kama kifaa cha gemu. Uno ya kawaida haina uwezo huo kwenye chipu yake kuu.

Tatizo la kwanza ni jiometri. Potenshiometa inazunguka karibu digrii 270, na bodi inasoma hatua 0 hadi 1023. Pedali yako pengine inazunguka digrii 60. Fanya hesabu: 60 kwa 270 mara 1023 ni kama hatua 227 tu. Kwa hiyo wewe hata umepata zaidi ya kawaida. Njia ya haraka ni kuandika kwenye programu ya bodi thamani ya chini na ya juu unazozipata kweli, kisha uzitanue zijaze 0 hadi 1023. Njia bora ni gia mbili ndogo, kubwa kwenye mhimili wa pedali na ndogo kwenye potenshiometa, ili mwendo uongezeke kabla ya kufika kwenye umeme. Ukitanua kwenye programu, unatanua na kelele pia. Hakikisha pia potenshiometa ni ya mstari ulionyooka, ile ya herufi B kwenye nyingi. Ya A ni ya sauti, itakupa mafuta yanayokuja yote mwishoni.

Tatizo la pili, angalia kwa mpangilio huu: waya wa ardhi wa potenshiometa uende moja kwa moja kwenye bodi, usipitie kwenye fremu wala kwenye waya za mota. Weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini ya katikati na ardhi. Kwenye programu chukua wastani wa visomo kadhaa badala ya kimoja. Acha eneo mfu dogo mwanzoni mwa pedali, yaani mwendo mdogo ambao programu inauhesabu kuwa sifuri. Ikiendelea, potenshiometa yenyewe imechakaa, ibadilishe.

Waya_Mwekundu

Ilikuwa ardhi kaka! Nilikuwa nimeipitisha kwenye bolti ya fremu. Imetulia kabisa sasa. Na breki je, nayo niweke potenshiometa?

Sakiti_Fupi

Unaweza, lakini breki ndiyo sehemu ya kwanza ningeweka kihisi cha uzito. Mguu wa binadamu unakumbuka nguvu kuliko unavyokumbuka umbali. Breki ya gari halisi haishuki sana, inakuwa ngumu. Kihisi cha uzito pamoja na mpira mgumu nyuma ya pedali vinakupa hisia hiyo, na hakuna kitu cha kuchakaa kwa kusuguana. Kihisi cha uzito kinatoa ishara ndogo sana, kitahitaji amplifaya yake kabla ya bodi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini KonaKali anakazana na fremu moja: ukikanyaga breki ya namna hii kwa kilo thelathini au arobaini, kiti cha ofisi cha magurudumu kitaondoka nawe.

Kioo_Mbonyeo

Mimi napingana kidogo na mwenye uzi. Skrini si kitu cha mwisho. Gemu kama Out Run ilichorwa kwa nukta 320 kwa 224, kwenye kioo cha mtungi (CRT, kama cha televisheni za zamani zenye kisogo) chenye umbo la 4:3. Ukiiweka kwenye kioo bapa inaonekana vigae vigae. Anayejenga mashine kwa ajili ya gemu hizo bila kioo cha mtungi amejenga nusu.

KonaKali

Mkuu nakubaliana nawe kuhusu picha, sikubaliani kuhusu mpangilio. Kioo cha mtungi ni kizuri mno kwa gemu hizo, na hakina ucheleweshaji. Lakini ni kizito, kinazidi kuwa adimu, na ndani kina volti zaidi ya elfu ishirini ambazo zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiyejua kukiondolea chaji asikifungue, nasema hili kwa msisitizo wote. Mtu anaweza kufa.

Kwa wengi, kioo bapa chenye mpangilio wa gemu kinatosha. Fremu moja ya picha kwa mwendo wa 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7. Televisheni inayosafisha picha kwanza inaweza kuongeza fremu kadhaa, na kwenye kona unazisikia mikononi. Zima usafishaji wote. Kuhusu ukubwa, angalia pembe, usiangalie inchi. Kioo cha inchi 32 kina upana wa karibu sentimita 71. Ukikaa sentimita 80 mbali nacho kinajaza kama digrii 48 za macho yako. Kisogeze hadi mita moja na nusu, zinabaki digrii 27, unaangalia gari kwa mbali badala ya kuliendesha. Kioo cha wastani kilicho karibu, nyuma tu ya usukani, kinashinda kioo kikubwa cha ukutani. Na hapo tumerudi kwenye fremu: bila kujua macho yatakaa wapi, huwezi kujua ununue kioo kipi.

Taa_ya_Nyuma

Nimepunguza usukani hadi 270, gemu ni nyingine kabisa, asante! Sasa nguvu ya mota. Kwenye gemu mpya za kompyuta inafanya kazi, kwenye za zamani usukani umekufa.

Sakiti_Fupi

Ni kawaida. Gemu za kumbini zilipeleka amri zake kwenye bodi maalumu ya mota, si kwenye usukani wa USB. Emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta iendeshe gemu za mashine hizo, lazima itafsiri. Supermodel, inayoendesha gemu za bodi ya Sega Model 3 kama Scud Race na Daytona USA 2, ina uwezo huo ndani yake, unauwasha kwenye mipangilio. Kwa MAME, emuleta ya gemu nyingi za kumbini, na nyingine kuna nyongeza iitwayo FFB Arcade Plugin inayochukua amri hizo na kuzipeleka kwenye usukani wako. Anza na nguvu ndogo, asilimia thelathini hivi, upandishe taratibu.

Kama unajenga usukani wako na mota yako, mota ipate pawasapulai yake peke yake, yenye fyuzi, na weka kitufe chekundu cha kukata umeme mahali mkono wa kushoto unafika bila kutazama. Fremu ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba. Hilo si la hiari.

Mama_Wawili

Na gemu zenyewe zinapatikana kihalali? Sitaki kuwafundisha watoto kuiba.

KonaKali

Dada, emuleta yenyewe ni halali kuwa nayo, MAME inapatikana bure tangu 1997. Gemu ndizo zenye wenyewe, hata zikiwa za miaka arobaini iliyopita. Nyingi zimetolewa upya na wenye haki kwa ajili ya kompyuta na konsoli, anza na hizo. Na mashine hii haijafungwa kwenye gemu za zamani: gemu mpya za magari za kompyuta, Assetto Corsa na wenzake, wanatumia usukani uleule, pedali zilezile. Rudisha tu digrii 900.

Fundi_Randa

Swali langu moja kabla sijakata mbavu za nje. Kompyuta ikikaa ndani ya sanduku la skrini haitapika? Na spika ziende wapi?

KonaKali

Itapika, mkuu, usipoiwekea njia ya hewa. Toboa nafasi chini upande wa mbele na nyingine juu upande wa nyuma, na feni ya juu itoe hewa nje. Hewa moto inapanda yenyewe, feni inaisaidia tu. Weka wavu kwenye tundu la chini kwa ajili ya vumbi. Mlango wa nyuma ufunguke bila bisibisi, utaufungua mara nyingi kuliko unavyodhani.

Spika mbili ziende usawa wa masikio, kushoto na kulia, si chini kwenye miguu. Ile ya besi ndiyo iende chini. Kama bajeti inaruhusu, funga kitikisio cha sauti chini ya kiti. Ni kama spika isiyo na karatasi, inapeleka mitetemo ya injini kwenye chuma. Kipe amplifaya yake, na uweke mipira chini ya miguu ya fremu ili majirani wa chini wasisikie injini yako. Kifunge kwenye kiti, mbali na pedali, kwa sababu kihisi cha uzito cha breki kitausoma mtetemo huo kama mguu.

Fundi_Randa

Nimeelewa. Mbavu nakata Jumamosi, picha nitaweka hapa.